Siki, mafuta ya nazi au Jik: kipi kilinde meno ya bandia?

Bibi yangu wa Msambweni alikuwa akilala na meno yake ya bandia mdomoni, asije mjukuu akamkuta kibogoyo. Siku alipolalamika kuwa kaakaa linamwasha, tulimulika kwa tochi ya simu tukaona wekundu uliofuata umbo la meno yale, kama muhuri.

Ilikuwa kuvu iitwayo kandida. Hukaa vinywani mwa watu wengi bila madhara, ila chini ya plastiki, ambako mate hayapiti vizuri, hujenga utando. Mwenye kisukari huwa hatarini zaidi.

Mafuta ya nazi ndiyo yanayotajwa kwanza huku Kwale, kwani mnazi uko uani na tui la kupikia mafuta halinunuliwi. Mwaka 2007 watafiti wa Ibadan, Nigeria, walichapisha kwamba mafuta hayo yaliidhoofisha kandida maabarani. Maabara si kinywa, lakini. Mafuta hayabandui utando, na meno yaliyopakwa huteleza. Mwarobaini nao una sifa zake, ila kila nyumba huchemsha majani kwa kipimo chake, na uchungu wake huwashinda wazee wengi.

Mimi ningenunua siki nyeupe. Changanya mililita 50 na maji kiasi hichohicho, loweka meno nusu saa, kisha suuza sana. Chupa ya mililita 700 hutoa maloweko 14. Ukiloweka mara mbili kwa wiki, ni wiki saba. Pakiti ya vidonge 30 vya kusafishia meno ya bandia, kimoja kila usiku, huisha kwa mwezi, na ukivikosa Ukunda unaongeza nauli ya kwenda Mombasa. Vidonge ni vizuri. Siki inawatosha wengi wetu.

Jik, ile dawa ya klorini ya kufulia, huua kuvu kuliko vyote hivi na chupa moja hudumu sana: kijiko kidogo katika glasi ya maji, dakika 10 tu, kisha suuza. Meno yenye waya au chuma usiyatie Jik, na siki pia huyadhuru. Na tafadhali, Jik na siki zisikutane katika chombo kimoja: hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Kinachosaidia kuliko vyote hakina bei. Vua meno usiku, yasugue kwa mswaki laini na sabuni ya kuogea, yalaze kwenye maji baridi. Dawa ya meno huyakwaruza, na michirizi hiyo ndiyo maficho ya kuvu. Maji ya moto huyapinda.

Wekundu ukidumu wiki mbili, nenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Msambweni. Bibi alipewa matone ya nistatini. Tuliyasafisha na meno yenyewe kila siku aliyotumia dawa, maana kinywa kikitibiwa peke yake, kuvu hurudi pamoja na meno.