Je, Wajua Deki ya DVD Husoma kwa Mwanga?

Ukiingia duka la vifaa vya umeme mjini Wote, Mwingi au Emali kutafuta deki na wufa, kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni namba kubwa kwenye katoni: wati 10,000 PMPO. Namba hiyo haiwezekani, na hesabu ya kuthibitisha hilo ni ya shule ya msingi. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240, na plagi ya miguu mitatu imeundwa kuhimili ampea 13. Zidisha, upate wati 3,120. Wufa ya wati 10,000 ingevuta zaidi ya ampea 41 na kuunguza fyuzi papo hapo.

Geuza mashine uangalie mgongoni. Pale kwenye kibandiko kidogo huenda ukasoma wati 40 au 60, na hizo ndizo inazovuta kweli. PMPO hudai kupima mlipuko wa sauti wa muda mfupi mno, tena bila kanuni moja inayowabana watengenezaji wote. Kipimo cha kuuliza ni RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo. Kwa mwenye paneli ya sola kule Mutomo au Kyuso, jambo hili linagusa kila usiku, kwa sababu kila wati inatoka kwenye betri moja inayowasha taa na kuchaji simu.

Deki yenyewe hutumia umeme kidogo sana ukilinganisha na kazi inayoifanya. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982 kutoka kwa Sony na Philips, ina mstari mmoja mwembamba unaozunguka kuanzia katikati kuelekea ukingoni. Ukiunyoosha mstari huo, utapita kilomita tano. Juu yake kuna vishimo visivyoonekana kwa macho. Mwale wa leza hupita chini yake. Penye uwanda mwanga hurudi kwa nguvu, penye kishimo hurudi umefifia. Wengi hudhani kishimo ni moja na uwanda ni sifuri. Sivyo. Moja ni pale leza inapovuka ukingo, inapoingia kishimoni au kutoka. Sifuri ni urefu wa njia kati ya kingo mbili. DVD, iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1996, ilifuata mtindo uleule kwa leza nyekundu yenye mawimbi mafupi zaidi, ndiyo maana vishimo vyake viliweza kusongamana hadi diski ya ukubwa uleule ikabeba gigabaiti 4.7 badala ya megabaiti 700.

Sauti ya CD hupimwa mara 44,100 kila sekunde. Sikio la binadamu mwenye afya husikia hadi mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, na ili kuunasa mtetemo mmoja unahitaji kuupima angalau mara mbili. Kwa hiyo gitaa la solo la benga ya Kikamba, lile linalopanda juu na kujibizana na mwimbaji, linaingia lote kwenye diski bila kupungukiwa. Na chini kabisa, uzi mnene wa gitaa la besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Kazi hiyo ndiyo spika ndogo za televisheni haziiwezi, na ndiyo inayofanya wufa istahili bei yake.

Hapa kuna kosa linaloniuma kila ninapolisikia katika hoteli na vinyozi vya Ukambani. Nyaya zinazotoka kwenye deki ni tatu: ya manjano ni picha, nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ni ya kulia. Mtu huchomeka mmoja wa sauti na kuridhika kwa kuwa spika inalia. Lakini fundi wa studio huenda aliweka gitaa moja kulia na jingine kushoto, na msikilizaji huyo anakosa nusu ya bendi bila kujua. Kinyume chake, usilipie zaidi alama ya 5.1 kwa ajili ya benga. Hiyo ni mifereji sita ya sauti iliyokusudiwa filamu. Nyimbo za Kakai Kilonzo na bendi yake ya Kilimambogo Brothers zilitoka kwenye santuri, na spika za ziada haziongezi kilichokuwa hakijarekodiwa.

Picha nayo ina hesabu zake. VCD, ambayo kwa miaka mingi ilibeba video za muziki na injili, ina nukta 352 kwa 288. DVD ina 720 kwa 576, zaidi ya mara nne. Runinga bapa za leo nyingi zina 1,920 kwa 1,080, hivyo kila nukta ya VCD hutandazwa juu ya nukta ishirini hivi. Waya wa HDMI hautaibadili hali hiyo. Tena picha hubanwa: mashine huhifadhi fremu chache kamili, kisha mabadiliko tu. Mhubiri aliyesimama mimbarani hubanika vizuri. Umati unaocheza harusini, vumbi likitimka, hubadilika kila mahali kwa wakati mmoja, na hapo ndipo vijiboksi hujitokeza. Filamu 12 kwenye diski moja zimebanwa hivyo bila huruma.

PAL ni mfumo wetu wa picha za video: fremu 25 kwa sekunde, nusu ya mizunguko 50 ya umeme wa gridi yetu. Marekani ina mizunguko 60, na NTSC yao ina fremu 30 hivi. Hata nyumba ya sola isiyo na nguzo ya umeme karibu ingali inatazama picha zilizopangwa kwa mapigo ya gridi. Ndugu aliye Marekani akituma DVD ya harusi, runinga ya zamani inaweza kuionyesha kwa rangi nyeusi na nyeupe, au ikipanda na kushuka. Bonyeza N/P kwenye rimoti. Ikiwa skrini imekuwa giza ghafla huku sauti ikisikika, huenda mtoto amebonyeza V-MODE. Ibonyeze tena na tena polepole hadi picha irudi. Filamu za dukani zina pia msimbo wa eneo: Kenya ni 5, Marekani ni 1.

Vumbi jekundu la Makueni halidhuru diski kama watu wanavyodhani. Mwale hukusanyika kwenye vishimo, ndani ya plastiki, na punje iliyo juu ya uso haionekani vizuri kwake. Tena mashine ina hesabu ya kusahihisha, inayoweza kuziba pengo la milimita 2.5 hivi kwenye mstari wa CD. Panguza kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha, maana mkwaruzo unaofuata mstari hufuta data iliyo mfululizo. Adui wa kweli ni vumbi juu ya lenzi, na mara nyingi ndilo linaloleta maneno NO DISC. Fundi huisafisha kwa pamba na spiriti kidogo. Usiitazame leza mashine ikiwa wazi na inafanya kazi.

Diski za harusi na mazishi ndizo zinazohitaji haraka. Hazikupigwa chapa kiwandani; zilichomwa kwa leza kwenye rangi maalumu, na rangi hiyo huharibika kwa jua na joto. Iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari Kibwezi, au chini ya mabati ya Ikutha, inafifia hata ikiwa haijachezwa. Nyingi zilirekodiwa zaidi ya miaka kumi iliyopita. Zinakiliwe kwenye kompyuta na flashi mbili, moja ikae kwa ndugu mwingine, wakati deki ingali inazisoma.