Anwani ya Mjomba Haipunguzi Ada

"Mwanangu akihamia kwa mjomba wake Texas, baada ya mwaka atalipa ada ya wenyeji?" Kila msimu wa maombi ya vyuo naulizwa swali hili, na kila mara najibu: hapana. Nalirudia hapa kwa sababu katika vyuo vya umma vya Marekani ada ya mgeni mara nyingi ni mara mbili au tatu ya ada ya mkazi wa jimbo, na familia zetu zinaingia kwenye madeni kwa kuamini uvumi.

Uvumi wenyewe ni kwamba miezi 12 na leseni ya udereva vinatosha. Mama mmoja wa hapa Minnesota, aliyelisikia hilo harusini, aliniletea bahasha nene: leseni mpya ya Texas ya binti yake, bili ya umeme yenye jina la mjomba, barua ya kanisa. Nikamwomba fomu yake ya kodi. Binti alikuwa ameandikwa humo kama tegemezi wake. Mambo yakaishia hapo. Kwa sheria ya Texas, ikiwa mzazi anaweza kukudai kama tegemezi kwenye kodi, makazi yako kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya mzazi. Ukae kwa mjomba mwaka mzima, wewe bado ni wa Minnesota.

Na miezi 12 ukiimaliza darasani, majimbo mengi yanahesabu kwamba ulifuata masomo, hukuhamia.

Wapo wanaonitajia kesi ya ada za chuo ya Vlandis dhidi ya Kline ya mwaka 1973. Waisome hadi mwisho. Kline, mwanafunzi aliyeshtaki, aliolewa na mwenyeji wa Connecticut, akahama California kwenda kujenga maisha huko. Leseni, usajili wa gari na wa kupiga kura vilifuata makazi hayo, na Mahakama Kuu ikasema lazima apewe nafasi ya kuthibitisha ukazi wake. Lakini ikaacha wazi haki ya jimbo kudai ukazi wa kweli.

Zilizopo ni njia hizi. Mzazi ahame kweli, apate kazi na nyumba mwaka mzima kabla ya muhula. Kijana anayejitegemea afanye kazi na kulipa kodi zake kwanza, ndipo asome. Walio magharibi waulizie mpango wa majimbo ya magharibi uitwao WUE, ambao ada yake haizidi asilimia 150 ya ada ya mkazi. Minnesota ina mapatano ya ada na Wisconsin na Dakota zote mbili. Mwenye viza ya mwanafunzi kwa kawaida hahesabiwi mkazi, atafute ufadhili. Mzazi anayehama mtoto akiwa chuoni aulize kwanza: majimbo mengi humwachia mwanafunzi ada yake ya mkazi mradi asikatishe masomo.

Binti yule alirudi nyumbani, akaanza chuo cha jamii kwa ada ya mkazi. Nawe, kabla hujafunga mizigo, iandikie ofisi ya usajili ya chuo, udai jibu la maandishi. Maneno ya harusini hayalipi ada.