Kamba, Mawe na Vijiti

Kamba inatandazwa sakafuni. Mwanaume mzima anachuchumaa kando yake na kuyapanga maisha yake kwa mkono: ua pale alipofurahi, jiwe pale alipoumizwa, kijiti pale alipoumiza wenzake. Mshauri hamwambii apunguze hasira. Anamshika kwenye kijiti kimoja na kumuuliza taratibu: jua lilikuwa wapi, ulisikia nini, moyo ulidundaje?

Tiba hii ya mazungumzo ilijaribiwa kwanza Uganda kwa wakimbizi wa Sudan. Huko Goma, mashariki mwa Kongo, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, waliipeleka kwa wapiganaji waliotoka msituni. Mmoja wao, Thomas Elbert, na wenzake hawakukwepa jambo ambalo wengi huona aibu kulitaja: baadhi ya wapiganaji walikuwa wameonja utamu wa kupiga na kuua. Utamu huo nao husimuliwa, kwa sababu usiposemwa mtu hurudi nao nyumbani. Katika jaribio lililochapishwa 2013, dalili za kiwewe zilipungua kwa waliotibiwa.

Si kila mazungumzo yanaponya. Vikundi vya mazungumzo vya wanaume vilivyokutana kwa wiki 16 Kivu Kaskazini na Kusini vilibadili fikra zao kuhusu wanawake. Lakini wake zao walipoulizwa, kipigo hakikuonekana kupungua kwa kiasi cha kuaminika. Fikra hubadilika upesi kuliko mkono.

Musonoi, kambi ya wachimbaji ubavuni mwa Kolwezi, ina mawe yake. Mei 1978 vita viliingia mjini, maiti zikalala barabarani. Miaka ya 1992 na 1993 majirani wenye asili ya Kasai walifukuzwa, familia zikalala stesheni zikingoja treni. Kuanzia 2003 kampuni ya madini ya Gécamines iliachisha kazi watu zaidi ya 10,000, baada ya miezi mingi bila mshahara. Baba aliyepitia hayo yote, leo bukari ikichelewa mezani anafoka hadi watoto wanatoka nje. Nani amewahi kumkalisha akamuuliza jua lilikuwa wapi siku ile?

Goma hawakungoja madaktari bingwa. Wenyeji walifunzwa, nao wakafunza wenzao. Kolwezi inaweza kuanza hivyo hivyo. Baada ya kila kikao mshauri huandika alichosimuliwa, na kikao kifuatacho humsomea msimuliaji, naye husahihisha: hapana, haikuwa asubuhi, ilikuwa jioni. Siku ya mwisho msimuliaji hukabidhiwa karatasi zote, akatia sahihi.