Alteneta Mpya kwenye Injini Kongwe: Jambo la Kutazama Kabla ya Kumlipa Fundi

Katika Galbet, mjini Garissa, gari kongwe si pambo la mwenye fedha. Ndilo linalotoka malishoni asubuhi na madumu ya maziwa ya ngamia, na maziwa hayo aghalabu ni mali ya kina mama wanaoyauza sokoni. Likizimika njiani chini ya jua la huko, maziwa huharibika, na mtaji wa nyumba kadhaa hupotea kwa siku moja. Ndiyo maana tumeona vyema tuzungumzie jambo ambalo kina mama wengi huliachia gereji, nalo ni namna alteneta inavyofungwa kwenye injini ya zamani. Si lazima mwenye mali ashike spana. Yatosha ajue pa kutazama.

Magari ya Land Rover ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalitoka kiwandani na dainamo. Dainamo ya Lucas aina ya C40 hutoa ampea 22 tu, na injini inapozunguka taratibu karibu haitoi kitu. Alteneta, ambayo kampuni ya Chrysler ya Marekani iliiweka katika gari lake la Valiant la mwaka 1960, huchaji hata gari likiwa limesimama na injini inanguruma. Kubadilisha ni busara, nasi hatupingi. Taabu iko katika umbo: dainamo ni ndefu na nyembamba, alteneta ni fupi na nene. Braketi iliyotengenezwa kwa ajili ya ile ya kwanza haiipokei ya pili bila kurekebishwa, na hapo fundi mwenye haraka huvuta kwa bolti kile alichopaswa kukipima.

Mkanda mmoja huzunguka puli tatu: ya klenki chini, ya pampu ya maji na feni juu yake, na ya alteneta ubavuni. Puli hizi sharti zinyooke kama safu ya swala. Ya alteneta ikitokeza mbele au kurudi nyuma milimita chache, mkanda huingia mferejini upande-upande. Hupiga kelele, hulika ubavu mmoja, humwaga vumbi jeusi, mwishowe huruka au hukatika. Watu hulaumu mkanda, wakanunua mwingine, na mwingine tena, ilhali mkanda hauna kosa. Na ukikatika, hasara si chaji peke yake: pampu ya maji nayo imesimama, na injini itachemka muda si mrefu. Kutoka Garissa hadi Dadaab ni kilomita 100 hivi, na katikati ya safari ile si mahali pa kujifunzia jambo hili.

Kipimo chenyewe ni uzi. Injini ikiwa imezimwa na nyaya za betri zimefunguliwa, fundi auvute uzi ukazike, aulaze katikati ya mifereji ya puli ya klenki na ya pampu, kisha aone unaangukia wapi kwenye puli ya alteneta. Kinachopimwa ni mfereji, si ukingo, kwa kuwa kingo za puli hutofautiana unene. Alteneta ikiwa nyuma, huletwa mbele kwa washa za chuma kati ya sikio lake na braketi; ikiwa mbele, washa hupunguzwa au braketi huchongwa. Vipande vya bati vilivyokunjwa havifai, kwani hulegea. Nafasi yoyote kwenye sikio la nyuma ijazwe kabla bolti haijakazwa. Sikio hilo ni la aloi ya alumini, na likivutwa kwa nguvu hupasuka, pengine si siku ile bali wiki ya tatu, fundi akiwa amekwisha kusahau.

Mkanda nao usikazwe kupita kiasi. Ukisukumwa kwa dole gumba katikati ya sehemu yake ndefu, ubonyee kama milimita 12. Uliolegea huteleza; uliokazwa mno huua beringi za alteneta na za pampu pamoja. Mkanda mpya hunyumbuka, basi ukazwe tena baada ya safari ya kwanza.

Kuna na suala la nyaya. Magari mengi ya Land Rover ya kabla ya mwaka 1967 yana upande wa chanya wa betri uliofungwa kwenye bodi, ilhali alteneta za kawaida hutaka hasi iwe bodini. Zikiunganishwa kinyume, diodi huungua papo hapo. Tena waya uliokusudiwa ampea 22 ukipitishiwa 45 hupata moto, nao moto wa waya hauchagui. Mwulize fundi kama ameweka waya mpya mnene hadi kwenye betri. Akisita kujibu, usilipe kwanza.

Mwisho, injini iwashwe na mita ya volti iwekwe kwenye betri: isome kati ya 13.8 na 14.4. Mkanda utazamwe kwa ubavu, uende umetulia bila kupepesuka. Anayetazama asimame mbali kidogo, watoto wawekwe kando, na ncha za buibui na mtandio zikunjwe vyema, kwani feni ya gari la zamani haina kizuizi.