Kumtafuta Nyanya wa Karne ya 19 huko Shianda

Familia nyingi za Shianda, magharibi mwa Kenya, zikichora ukoo wao, kwa ajili ya mazishi au mkutano wa jamaa, huanza na babu, zikapanda kwa baba yake babu, hadi kwa mwanamume wa kwanza kuhamia pale. Wake hawamo. Mchoro wa namna hiyo unapotosha hata habari za wanaume wenyewe.

Boma kubwa la Wawanga, Waluhya wa eneo la Mumias, katika karne ya 19 lilikuwa na wake kadhaa, kila mmoja na nyumba yake, na ardhi ya wana ilifuata nyumba za mama zao. Ukiwapanga wana wanane chini ya jina la baba peke yake, hutaweza kueleza kwa nini watatu wanapakana upande wa mtoni na watano wako juu barabarani. Jibu liko kwa nyanya wawili ambao hukuwaandika.

Karatasi za serikali hazitusaidii sana. Afisa wa Kiingereza, Hobley, alianza kazi Mumias mwaka 1895, na kumbukumbu za enzi hiyo zimejaa mfalme wa Wawanga, Nabongo Mumia, na wazee wake. Kodi ya nyumba ilipokuja, ilihesabiwa kwa nyumba ambamo wake waliishi, lakini mlipaji alikuwa mume. Kipande kilichofuata kilikuwa cha wanaume, na wanawake wakangoja kitambulisho hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. 

Badala ya karatasi, tegemeo letu ni miiko ya ndoa. Kwa desturi, Mluhya haoi wala haolewi katika ukoo wa baba, wa mama, wala koo za nyanya zake. Kwa hiyo mzee aliyezaliwa miaka ya 1940 anaujua ukoo wa mama mzazi wa baba yake, ambaye huenda alizaliwa miaka ya 1880. Ukimuuliza jina la nyanya huyo atasitasita. Muulize alipokuwa kijana alikatazwa kuoa wapi. Atautaja ukoo mara moja, kisha kijiji, kisha wajomba ambao hapana budi wapelekewe habari za msiba.

Nenda kwa wajomba hao. Kwao nyanya huyo ni binti, na ng'ombe wa mahari yake huenda ndio waliotolewa mahari kaka yake alipooa. Wajukuu wa kaka huyo wana sababu ya kumkumbuka kwa jina.

Majina nayo yana mitego. Wafanyabiashara wa pwani walifika Mumias katika karne hiyohiyo, wakaoa huko na kueneza Uislamu. Mwanamke aitwaye Nafula akisilimu akawa Mariamu, anaweza kuonekana kama watu wawili katika simulizi za familia mbili. Hapo ukoo alikotoka ndio wa kuaminiwa kuliko jina. Angalia pia majina waliyopewa vitukuu: jina moja likijirudia katika nyumba kadhaa za uzao wake, kuna uwezekano mkubwa ni lake, kwa kuwa watoto hupewa majina ya waliotangulia.

Mchoro mpya na uanze na nyumba. Kila mke aandikwe na ukoo wake, watoto wake chini yake, na pale jina lisipopatikana uandikwe ukoo peke yake mpaka wajomba waulizwe.