Kisamvu cha Kisarawe: kwa nini tunatwanga kabla ya kuunga

Mtoto wa kaka yangu alihamia Leeds kwa masomo, na jioni moja akanipigia simu. Baada ya shikamoo na habari za baridi akauliza: "Shangazi, mbona kisamvu changu kichungu?" Alikuwa amenunua pakiti iliyogandishwa kwenye duka la Wakongo, imeandikwa saka-saka, akaimimina sufuriani na kopo la tui, akafunika, akapika dakika 10, akajipakulia na wali. Nilimwambia aweke kijiko chini, airudishe sufuria jikoni na afungue dirisha.

Ana miaka 19, na hakuwa na wa kumfundisha. Wavulana wengi wa ukoo wetu wametoka bweni wakaingia chuo bila kubandika sufuria hata siku moja. Baba yake alisoma Kibaha, kwenye shule iliyojengwa na nchi za Nordiki pamoja na kituo cha afya cha Tumbi na chuo cha wakulima, mradi uliokabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970 ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Alikula ugali na maharage kwa miaka, lakini jiko aliliona kutokea upande wa foleni. Kwa hiyo swali la mwanawe ni swali la familia nzima, na nadhani ni la vijana wengi walioanza maisha ya chumba kimoja mbali na nyumbani.

Uchungu ule una sababu. Jani la muhogo limebeba kemikali iitwayo linamarini. Ndani ya jani hilohilo, mahali pengine, kuna kimeng'enya kinachoivunja. Jani likiwa zima, viwili hivi havikutani. Ukilitwanga vinakutana, na kinachotoka ni sianidi, sumu kali, ambayo kwa bahati njema huchemka kwenye nyuzijoto 26 hivi na kupanda na mvuke. Sasa fikiria mtu anayetia majani mazima kwenye maji yanayotokota. Moto unakiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na linamarini yenyewe, isiyoogopa moto kirahisi, inabaki chunguni. Ndiyo maana mchi hutangulia na moto hufuata. Pakiti ya dukani huwa imekwisha kutwangwa, lakini mara nyingi haijaiva. Inataka kuchemshwa wazi, bila mfuniko, mvuke utoke.

Bibi yangu wa Maneromango, wilaya ya Kisarawe, hakuwa na neno linamarini. Alikuwa na kinu cha mti chini ya mkorosho na utaratibu ambao hakuruhusu tuuruke. Tulichuma majani machanga ya juu, tukatupa vikonyo, tukatwanga na punje za kitunguu saumu mpaka mikono iwake, tukaacha kisamvu kipumzike ndani ya kinu, kisha chungu kikakaa mafigani kwa muda mrefu tu na maji. Tui halikukaribia chungu mpaka rangi ya kijani kibichi igeuke kijani cha kiza na harufu ya ubichi iishe. Tukiharakisha alisema neno moja, "Bado," tukakaa. Siku hizi sokoni Maili Moja, Kibaha, wapo wanaokisaga kwa mashine, na wewe uliye ng'ambo unaweza kutumia blenda ukipata majani mabichi. Kinachotakiwa ni jani lipondeke kabisa.

Baada ya kuchemsha huja kuunga, na hapa ningependa kila kijana anayeanza maisha atulie kidogo, kwa sababu akilijua jambo hili moja amejua nusu ya jiko la Pwani. Chakula kilichoiva kwa maji na chumvi tu tunakiita chukuchuku. Kuunga ni kukichukua hicho na kukipa mafuta na harufu: kitunguu, nyanya, kisha tui la nazi au karanga zilizotwangwa. Maharage huungwa hivyohivyo. Choroko, mbaazi, mchicha, matembele, hata muhogo wenyewe wa vipande na magimbi, vyote vinapita njia hiyo. Huhitaji mapishi 20. Unahitaji kujua kipi kinahitaji maji mengi kabla ya kuungwa, kama kisamvu na kunde, na kipi kinahitaji dakika chache tu, kama mchicha.

Chakula hiki sasa kinauzwa kwa jina la chakula cha wasiokula nyama. Kwetu kiliitwa mboga, na mboga ni chochote kinachoshusha ugali, iwe majani, maharage, dagaa au kuku. Nyama ilikuwa haba kwa sababu za ardhi yenyewe. Mapori ya kwetu Uzaramo yalikuwa na mbung'o, na ng'ombe hawakustawi humo kama walivyostawi kwa Wagogo au Wamasai. Kilichostawi ni mnazi, mkorosho, kunde na muhogo. Watu wakapika kilichokuwepo, wakakipika vizuri mno, nami sikubali kiitwe chakula cha shida.

Muhogo nao ni mgeni aliyezoea. Wareno waliutoa Amerika ya Kusini. Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha ndugu yake, mpira. Wakati wa Wajerumani mashamba makubwa ya mti huu, jamaa wa muhogo kutoka Brazili, yalipandwa Tanganyika kwa ajili ya utomvu. Mwaka 1913 bei ilianguka, mpira wa mashamba ya Asia ukatawala soko, na miti ikaachwa. Watu wa Pwani wakagundua kuwa majani yake ni matamu. Hicho ndicho kisamvu cha mpira, na nikipewa nichague, nachagua hicho: ni laini zaidi ulimini, na mti wake husimama uani miaka na miaka.

Mti huohuo uliokoa muhogo. Katika miaka ya 1930, kwenye kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, mtaalamu H. H. Storey na wenzake walikuwa wakipambana na magonjwa mawili ya muhogo, batobato na michirizi ya kahawia, huu wa pili Storey aliueleza mwaka 1936. Waliupandanisha muhogo na mpira ili kupata mbegu inayostahimili. Damu ya mbegu za Amani ilifika baadaye hadi Nigeria, ikaingia katika mihogo inayolimwa sehemu nyingi za Afrika. Kazi hiyo bado inaendelea karibu na nyumbani: kituo cha utafiti wa kilimo cha Kibaha, ambacho wengi wanakijua kwa miwa, kimekuwa kikishughulikia mbegu za muhogo pia. Michirizi ya kahawia ni ugonjwa wa kikatili. Shamba laweza kuonekana zima, ukichimba unakuta mizizi imeoza kwa ndani. Kiroba, muhogo mtamu unaopendwa Pwani na Dar es Salaam, ulipendwa na wakulima pia kwa kuustahimili ugonjwa huo.

Haya, turudi Leeds. Nilimwambia afanye hivi. Kunde, zile zenye jicho jeusi, ziko kwenye maduka ya Wahindi na ya watu wa Karibea. Aziloweke usiku, azichemshe peke yake. Pakiti ya kisamvu aiweke na maji mengi, achemshe wazi nusu saa au zaidi, aongeze maji yakipungua, mpaka kilainike kabisa. Kisha achanganye na kunde. Kopo la tui asilitikise: lile zito lililoganda juu aliweke kando, lililobaki aliongeze maji na kulitia kwanza pamoja na kitunguu na chumvi, lichemke taratibu. Tui zito liingie mwisho, moto mdogo, huku akikoroga bila kuacha, maana tui likiachwa litokote hukatika. Hakuna kufunika. Pilipili moja nzima iwekwe juu, isipasuke.

Alinipigia tena saa nne ya usiku kwa saa zao. Kilikuwa kimeiva. Alikula na ugali wa unga mweupe alioupata duka lilelile, na kilichobaki amekihifadhi kwenye friji. Nikamwambia kiporo cha kisamvu kina ladha kuliko cha leo. Kesho asubuhi achemshe muhogo vipande viwili, akipashe kiporo moto polepole, ale na chai ya rangi kabla ya kwenda darasani.