Masika ya Kamembe: mtoto avae nini akacheze?

Jaketi lile nililinunua kwa furaha. Lilikuwa la buluu, la sponji, lenye kofia ya manyoya, limetoka katika robota la mitumba. Hapa Rwanda mitumba tunaiita caguwa, neno lililotokana na Kiswahili chetu wenyewe, "chagua", nami siku ile nilidhani nimechagua vizuri. Mwanangu alikuwa na miaka mitatu. Asubuhi moja ya Aprili, ukungu umefunika ziwa, nilimfunga zipu hadi kidevuni, nikamwacha kwenye irerero, nikavuka Rusizi ya Kwanza kwenda Bukavu na nyanya zangu.

Ndugu msomaji, mimi nimelelewa Uvira. Kule mtoto hushinda na kaptula tu na hakuna anayeuliza. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Kivu liko mita 1,460. Na kwa kawaida ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi sita hivi. Kwa hiyo sisi tuliorejea kutoka Uvira, Bujumbura au Kigoma tulifika hapa tukiogopa baridi, na hofu hiyo tukawavisha watoto wetu. Ukipita Kamembe saa moja asubuhi katika msimu wa mvua, utatutambua kwa watoto wetu: wamefungwa kama mizigo ya kuvushwa mpaka.

Siku ile saa tano jua liliwaka. Watoto wakatolewa nje kucheza, na mwanangu akatoka jasho ndani ya sponji mpaka fulana ikaloana. Saa nane mvua ikashuka. Mlezi alikuwa na watoto wengi, nami sikuwa nimeacha nguo ya pili, basi alibaki hivyo hivyo. Nilipomfuata saa kumi na moja nilimkuta amejikunyata, jaketi zito kama gunia lililotolewa ziwani.

Kosa langu kubwa lilikuwa bado. Jaketi la sponji halikauki masika, hata ukilianika siku mbili. Nikalitundika juu ya jiko la makaa, chumbani tulimolala, mlango umefungwa.

Usiku wa pili mtoto alipata homa akaanza kuhema. Nilimwita mhudumu wa afya wa mudugudu wetu, yule tunayemwita umujyanama. Alimfunua kifua, akahesabu pumzi dakika nzima: 52. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi akiwa ametulia ni dalili ya hatari. Hatukungoja kukuche, tukaenda kituo cha afya.

Alipona, namshukuru Mungu. Nilipomwambia muuguzi kwamba jaketi lingeniulia mtoto, alitikisa kichwa. "Mama, nimonia inaletwa na vijidudu, hailetwi na nguo. Chanjo zake alimaliza? Mnapikia wapi?" Chanjo alikuwa amemaliza, Rwanda ilianza kutoa ile ya vijidudu vya nimonia mwaka 2009, na mtoto huipata akiwa na wiki sita, kumi na kumi na nne. Swali la jiko ndilo lililonishinda. Moshi wa jikoni huwazidishia watoto nimonia, na makaa yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa isiyo na harufu inayoweza kuua nyumba nzima usingizini. Baridi niliyoikimbia ilikuwa ndogo kuliko nililoliingiza chumbani.

Tangu hapo namvika kwa kupunguza na kuongeza. Ndani fulana nyepesi, juu yake shati la mikono mirefu, kisha sweta lenye vifungo mbele ambalo anaweza kulivua mwenyewe jua likitoka. Mvua ina koti lake jepesi lisilo na sponji. Pamba ikilowa hushika maji na kumpoza mtoto, lakini sufu hata ikilowa huacha joto kidogo. Miguuni mabuti ya mpira, maana katika udongo wenye unyevu minyoo ya safura hupenya kwenye nyayo tupu. Na nikitaka kujua kama ana baridi, sishiki vidole, ambavyo huwa baridi wakati wote. Naingiza mkono nyuma ya shingo. Pakiwa na jasho, namvua nguo moja.

Zaidi ya yote, kila siku naacha kwa mlezi fulana, suruali na soksi kavu. Mfuko wa plastiki, mnajua wenyewe wenzangu wa mpakani, Rwanda ilishaupiga marufuku tangu 2008, na wengi wetu tumenyang'anywa tukitoka Bukavu. Wa kwangu nilishonesha kwa kitambaa cha mwavuli uliovunjika. Unazuia maji vizuri.

Kuna atakayesema nguo nyingi ni za matajiri. Kweli, mwaka 2016 serikali ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.2 hadi 2.5 kwa kilo, na bei sokoni tuliziona. Lakini hesabu ushuru huo kwa kilo: jaketi la sponji ni zito, masweta mawili membamba ni mepesi. Ukichagua, tazama pia kamba za kofia. Uingereza iliziondoa kwa sheria mwaka 1976 katika makoti ya watoto kwa sababu zilikuwa zikiwanyonga, lakini huwezi kujua nguo iliyo robotani ilishonewa wapi. Mimi nazichomoa palepale.

Wanaosafiri na watoto wawe macho zaidi. Bugarama, chini ya mita 1,000, ni joto la mpunga. Basi la Kigali likipita msitu wa Nyungwe linapanda juu ya mita 2,400, na dirisha la mwenzako liko wazi. Wilaya hii moja humfanya mtoto avue na kuvaa mara tatu kabla ya jioni.

Jaketi la buluu nililifumua. Sponji yake ndiyo ninayokalia sokoni.